Siku zimepita, haki bado ninayo? Majibu kwa wasomaji wenye mashauri ya ardhi na nyumba

Barua tulizochagua katika toleo hili zinatoka kwa watu wasiofahamiana, lakini shida yao ni moja: kila mmoja anaamini ana haki juu ya kiwanja, shamba au nyumba, na siku iliyowekwa na sheria imepita kabla ya karatasi iliyotakiwa kufika mahakamani. Majina yao tumeyahifadhi. Kwa kuwa wasomaji wetu wanaishi chini ya sheria za nchi mbalimbali, kila ninapotaja idadi ya siku nitataja na nchi yenye sheria hiyo. Msomaji wa nchi nyingine asiichukue kama ilivyo, bali athibitishe katika masjala ya mahakama yenye shauri lake au kwa wakili wake.

Nilipokea samansi nikaamini tumeshasuluhishwa

*Mheshimiwa wakili, nilipelekewa samansi pamoja na hati ya madai na mtu anayesema nyumba ninayoishi ni yake. Tulikaa kikao na wazee wa pande zote mbili, tukaelewana mambo kadhaa, nami nikaamini shauri limekwisha. Sikupeleka utetezi wowote. Sasa nimeletewa hukumu inayonitaka nihame, na sikusikilizwa hata mara moja. Je, nikate rufaa?*

Ndugu yangu, usianze na rufaa. Ulicholetewa ni hukumu ya upande mmoja, yaani mahakama imepokea ushahidi wa mdai peke yake kwa sababu wewe hukuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya muda. Mahakama ya rufaa hufanya kazi yake kwa kusoma kumbukumbu za shauri lilivyosikilizwa chini, na katika kumbukumbu hizo maelezo yako hayamo hata mstari mmoja, kwa hiyo majaji wangebaki wakipima ushahidi wa mwenzako ambao haukupingwa na mtu. Njia inayokufaa ni kurudi katika mahakama ile ile iliyotoa hukumu, uiombe iitengue na ikuruhusu kuwasilisha utetezi wako. Nayo njia hiyo ina muda wake: Tanzania, maombi ya kutengua hukumu ya upande mmoja hufunguliwa ndani ya siku 30. Ukizivuka, itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda, kisha ndipo uombe kutenguliwa kwa hukumu, na kila ombi linaloongezeka ni mahali pengine unapoweza kushindwa.

Jambo lililokufikisha hapa ninataka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu huwapata hasa watu wapenda amani. Mazungumzo ya nje hayasimamishi siku za mahakama. Samansi ikishakufikia, siku zinahesabiwa, na zinaendelea kuhesabiwa hata kama mdai mwenyewe amekaa sebuleni kwako mkijadiliana. Tanzania mdaiwa ana siku 21 tangu kufikishiwa samansi ili awasilishe utetezi wake, na katika mahakama za shirikisho za Marekani ni siku 21 pia. Uingereza ni siku 14 tangu kufikishiwa maelezo ya madai, nazo huwa 28 iwapo mdaiwa amerudisha kwa wakati fomu ya kukiri kupokea. Huko Uingereza pande mbili zinaruhusiwa kukubaliana kuongeza siku za utetezi, zisizozidi 28, lakini hata hapo mdaiwa analazimika kuiarifu mahakama kwa maandishi. Makubaliano ambayo hakimu hayajui, kwake hayapo.

Wapo wanaoona kwamba kupeleka utetezi wakati wazee wanapatanisha ni kuonyesha uadui. Ninawasihi waache kufikiri hivyo. Utetezi hauvunji mazungumzo; unalinda nafasi yako endapo mazungumzo yatavunjika. Na mkielewana kweli, makubaliano yaandikwe, yatiwe saini na pande zote, yapelekwe mahakamani ili yasajiliwe kuwa amri ya mahakama. Hapo ndipo shauri linapokwisha.

Sasa tutazame nafasi yako ilivyo leo. Kuhusu hukumu za namna hii, mahakama za Afrika Mashariki bado hurejea kesi ya Shah dhidi ya Mbogo iliyoamuliwa Kenya mwaka 1967. Msingi wake ni kwamba mamlaka ya kutengua hukumu yamewekwa ili kuzuia dhuluma inayoweza kutokana na ajali, kupitiwa au kosa linalosameheka, wala hayakuwekwa kumsaidia mtu aliyekusudia kukwepa au kuchelewesha haki. Kwa hiyo kazi yako ni kuonyesha kwamba uko katika kundi la kwanza. Usidai kwamba hukupokea samansi, maana unasema mwenyewe uliipokea, na uongo mmoja katika hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoyaapia, huharibu hata ukweli wote uliomo. Eleza kikao kilifanyika siku gani, nani walikuwepo, mlikubaliana nini. Ambatanisha maandishi ya kikao kama yapo, na ujumbe wowote wa simu kati yako na mdai. Wazee waliokaa nanyi waape viapo vyao wenyewe. Kisha ambatanisha rasimu ya utetezi ambao ungeuwasilisha, kwa kuwa mahakama itataka kujua kama kuna jambo la kusikiliza. Hakimu hana sababu ya kutengua hukumu ili tu arudi kuitoa tena ile ile wiki chache baadaye. Kama una hati ya mauziano, risiti au mashahidi wa umiliki, huu ndio wakati wa kuwataja.

Pamoja na maombi hayo, omba zuio la utekelezaji wa hukumu. Kufungua maombi ya kutengua hakumzuii mwenzako kukazia hukumu, yaani kuitekeleza, na dalali wa mahakama anaweza kufika mlangoni maombi yako yakiwa bado hayajapangiwa hakimu.

Wakili wetu alisahau kukata rufaa

*Shauri letu la mpaka wa shamba liliamuliwa dhidi ya familia yetu. Wakili alituahidi kwamba atakata rufaa. Tulipomfuata baada ya miezi mitano akakiri kwamba alisahau. Mimi ndiye dada mkubwa na ndiye niliyekabidhiwa jambo hili, sasa wadogo zangu wananilaumu. Inawezekanaje kosa la wakili lituhukumu sisi?*

Dada, maumivu yako ninayaelewa, na ningependa kukupa jibu jepesi, lakini halipo. Mahakama humtazama wakili kuwa ni mwakilishi wako: alilolitenda kwa niaba yako, umelitenda wewe. Ndiyo maana uzembe wa wakili, ukisimama peke yake, mara nyingi haukubaliwi kuwa sababu ya kutosha. Zipo nyakati ambapo majaji wameona mazingira ni ya pekee wakamwokoa mteja, lakini hata hapo huuliza swali moja lisilokwepeka: wewe mwenyewe ulifanya nini katika miezi hiyo? Aliyempigia wakili simu kila baada ya wiki mbili, akaandika ujumbe, akafika ofisini kwake, akaenda masjala kuulizia namba ya rufaa, yuko mbali sana na yule aliyekaa nyumbani akisubiri kuitwa. Kwa hiyo anza kwa kukusanya ushahidi wa ufuatiliaji wako, ujumbe wa simu ukiwemo.

Muda wa kukata rufaa ni mfupi karibu kila mahali. Kutoka baraza la ardhi na nyumba la wilaya kwenda Mahakama Kuu ya Tanzania ni siku 45. Kenya, kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu, ni siku 30. Mahakama za shirikisho za Marekani kwa mashauri mengi ya madai hutoa siku 30, na Uingereza, mahakama isipoelekeza vinginevyo, ni siku 21. Wewe umepita miezi kadhaa, kwa hiyo huwezi kukata rufaa kabla ya kupewa ruhusa. Ninasisitiza mpangilio huo, kwa maana wapo wanaowasilisha rufaa iliyochelewa, kisha wanaomba mahakama iibariki. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Nicholas Salat dhidi ya tume ya uchaguzi mwaka 2014, ilisema wazi kwamba rufaa iliyowasilishwa nje ya muda bila ruhusa ni karatasi isiyo na nguvu ya kisheria. Ruhusa hutangulia, rufaa hufuata.

Ili upewe ruhusa lazima uonyeshe sababu ya kutosha. Sheria haitoi orodha ya sababu hizo, ila Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika maombi ya Lyamuya Construction ya mwaka 2010, ilitoa mwongozo unaonukuliwa hadi leo: mwombaji aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji; ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi; mwombaji awe amefanya bidii, si kulegea wala kupuuza; na kama kuna sababu nyingine nzito, kama vile hoja muhimu ya kisheria juu ya uhalali wa uamuzi unaopingwa, mahakama iizingatie. Shauri la Salat linaongeza jambo ambalo waombaji wengi hulisahau, nalo ni kama upande wa pili utaumia iwapo muda utaongezwa.

Katika mambo hayo, la kwanza ndilo linaloangusha watu. Kueleza kipindi chote maana yake ni siku kwa siku. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwahi kusema, katika shauri la Bushiri Hassan dhidi ya Latifa Lukio Mashayo, kwamba hata kuchelewa kwa siku moja lazima kutolewe maelezo, la sivyo hakuna maana ya kuweka kanuni za muda. Nimesoma hati za kiapo zinazosimulia kwa ufasaha miezi mitatu ya kwanza, ugonjwa, msiba, safari, kisha zinaruka hadi siku ya kufungua maombi. Wiki tatu za mwisho hazina neno. Mpinzani atazishika hizo wiki tatu, na atakuwa na haki ya kuzishika.

Chukua kalenda. Andika tarehe ya hukumu, tarehe ya mwisho ya rufaa, na kila tarehe ya katikati ambayo kuna jambo lilifanyika. Kisha tazama mapengo. Kwa kila pengo jiulize nini kilitokea na nani anaweza kuthibitisha. Ukisema karani alikuambia nakala ya hukumu haijawa tayari, mahakama itataka kiapo cha karani huyo au barua ya masjala, kwani wewe huwezi kumwapia mtu mwingine. Ukisema ulilazwa, cheti cha hospitali kionyeshe tarehe ya kuingia na ya kutoka, wala si kusema tu kwamba una maradhi ya muda mrefu. Na tangu siku wakili alipokiri, kila siku ni mzigo wako mwenyewe: ulitafuta wakili mpya lini, ukapata nakala lini, kiapo kikaandaliwa lini. Ningekushauri maombi yafunguliwe wiki hii, si mwezi ujao. Katika maamuzi mengi niliyoyasoma, mwombaji hakuangushwa na miezi ya mwanzo aliyokuwa hajui, bali na siku alizozikalia baada ya kujua.

Nakala za hukumu zinastahili maelezo yake. Mara nyingi mwenye kushindwa hawezi kuandaa rufaa bila kuwa na nakala ya hukumu, na sheria nyingi huziondoa katika hesabu siku zilizotumika kuisubiri. Lakini faida hiyo humfikia aliyeomba kwa maandishi. Kwa rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, kwa mfano, anayeandika barua ya kuomba nakala ndani ya siku 30 za uamuzi na kumpelekea mpinzani wake nakala ya barua hiyo anaweza kupewa na msajili hati inayoonyesha siku za kuondolewa katika hesabu. Aliyeomba kwa mdomo dirishani hana cha kuonyesha. Kama mliandika barua yenye mhuri wa mapokezi, itafuteni. Huenda ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote mlizonazo.

Utasikia pia ushauri kwamba dai tu kuwa uamuzi una makosa ya kisheria, muda utaongezwa. Chanzo chake ni shauri la Devram Valambhia la miaka ya 1990, ambamo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba uharamu wa uamuzi wenyewe unaweza kuwa sababu ya kuongeza muda. Lakini maombi ya Lyamuya yalikuja kuweka mipaka: uharamu huo uonekane dhahiri katika kumbukumbu, kama vile mahakama kutokuwa na mamlaka au mtu kuhukumiwa bila kusikilizwa, wala si ule unaohitaji hoja ndefu ili ugunduliwe. Kutokubaliana na jinsi hakimu alivyopima ushahidi wa mpaka si uharamu.

Malalamiko dhidi ya wakili ni njia nyingine kabisa. Unaweza kumpeleka mbele ya chombo cha nidhamu cha mawakili na unaweza kumdai fidia kwa uzembe, lakini hakuna kati ya hayo kitakachokurudishia rufaa. Usiyasubiri. Mwombe hata hivyo aape kiapo cha kukiri lililotokea, kwa kuwa kukiri kwake kutaipa nguvu simulizi yako.

Rufaa yangu iliondolewa kwa kasoro ya nyaraka

*Nilikata rufaa ndani ya muda. Baada ya mwaka mmoja ikaondolewa kwa sababu nakala moja ilikuwa na tarehe isiyolingana na hukumu. Nikianza upya nitaambiwa nimechelewa. Je, nimepoteza nyumba kwa sababu ya tarehe?*

Hapana, na hali yako ni nzuri kuliko ya wengi. Katika shauri la Fortunatus Masha dhidi ya William Shija la mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitofautisha ucheleweshaji halisi na ucheleweshaji wa kiufundi, yaani wa mtu ambaye alifika kwa wakati lakini nyaraka zake zikakutwa na kasoro na shauri likaondolewa. Mtu wa namna hiyo ameshaadhibiwa kwa rufaa yake kuondolewa. Kipindi rufaa ilipokuwa mahakamani hahesabiwi kuwa alilala. Hoja hiyo inaishia siku rufaa ilipoondolewa. Kuanzia kesho yake unatakiwa ukimbie, na siku hizo chache ndizo utakazotakiwa kuzitolea maelezo.

Soma amri yenyewe kwa makini. Kama imesema rufaa imeondolewa kwa kutokuwa sahihi, unaweza kurudi ukiwa na nyaraka zilizorekebishwa baada ya kupata ruhusa ya muda. Kama imesema rufaa imetupwa kwa kuwa imesikilizwa na kukosa msingi, mlango huo umefungwa na utahitaji njia nyingine. Watu huyachanganya maneno haya mawili katika mazungumzo, na tofauti yake ni kubwa.

Shamba la marehemu baba limekaliwa miaka mingi

*Jirani alianza kulima sehemu ya shamba letu baba akiwa hai. Baba alifariki, sisi tulikuwa wadogo, na hakuna aliyefungua mirathi hadi mwaka jana. Sasa ninataka kushitaki kama msimamizi wa mirathi. Nimeambiwa nimechelewa, lakini pia nimeambiwa niombe kuongezewa muda. Lipi ni sahihi?*

Hapa tunaacha muda wa kuwasilisha nyaraka katika shauri lililopo, tunaingia katika muda wa kufungua shauri lenyewe, nao ni mgumu zaidi. Tanzania na Kenya, dai la kurudisha ardhi hufunguliwa ndani ya miaka 12. Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda wa rufaa na wa maombi, lakini kwa kawaida haina uwezo wa kuongeza muda wa kufungua dai la ardhi. Kwa hiyo anayekushauri ufungue maombi ya kuongezewa muda kama yule dada wa rufaa anachanganya mambo mawili.

Swali lako la kweli ni lini miaka hiyo ilianza kuhesabiwa, na kama kuna kipindi cha kuondolewa katika hesabu hiyo. Kuteuliwa kwako kuwa msimamizi mwaka jana, kwa bahati mbaya, hakuanzishi hesabu mpya. Kama jirani aliingia bila ruhusa na kumwondoa baba katika sehemu ile, hesabu ilianza baba akiwa hai na iliendelea baada ya kifo chake. Umri wenu mdogo huenda usiisimamishe hesabu iliyokwisha kuanza dhidi yake.

Chunguza basi namna jirani alivyoingia. Aliyekaribishwa kulima kwa idhini ya mwenye shamba hajengi haki juu ya ardhi hiyo kwa kukaa tu, maana ukaaji unaoweza kumwondolea mwenye mali haki yake ni ule usio na ruhusa yake. Watu wazima waliokuwapo wakati huo wanajua kama baba alimpa eneo la kulima kwa muda, kama kulikuwa na sehemu ya mavuno iliyorudishwa kwa familia, kama jirani aliwahi kuandika popote akikubali kwamba shamba ni la baba. Maandishi ya kukiri, yakiwa na saini yake na yakiwa yalitolewa kabla ya muda kuisha, yanaweza kuifanya hesabu ianze upya. Na kama umiliki ulifichwa kwa udanganyifu, tuseme hati ya mauziano ya kughushi, sheria nyingi huanza kuhesabu tangu siku udanganyifu ulipogunduliwa au ulipoweza kugunduliwa na mtu mwenye uangalifu wa kawaida.

Kama una lolote kati ya hayo, liandikwe ndani ya hati ya madai tangu mwanzo. Hati inayoonyesha waziwazi kwamba miaka 12 imepita na haitaji sababu ya kutolewa katika ukomo wa muda itakutana na pingamizi la awali, na shauri linaweza kutupwa kabla shahidi hata mmoja hajasimama. Nimesikitika kuona familia zenye ushahidi mzuri wa ruhusa zikipoteza shauri kwa sababu ushahidi huo ulikuwa vinywani mwa wazee na haukuandikwa katika aya yoyote ya madai.

Siku zinahesabiwaje?

*Naomba nielezwe kwa kifupi: siku ya hukumu inahesabiwa? Na je, Jumapili?*

Kwa kawaida siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, hesabu huanza kesho yake. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za katikati huhesabiwa isipokuwa kanuni imesema siku za kazi. Na siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo mahakama imefungwa, unaruhusiwa kuwasilisha siku inayofuata ya kazi. Penye mfumo wa kielektroniki, uliza kama nyaraka huhesabiwa kuwa imepokelewa ilipotumwa au ada ilipolipwa, kwa sababu zipo mahakama zinazoangalia siku ya malipo. Wala usitegemee hesabu ya mtu mwingine, hata akiwa jaji. Marekani, katika shauri la Bowles dhidi ya Russell lililofika Mahakama ya Juu mwaka 2007, jaji alimpa mwombaji siku 17 za kukata rufaa wakati sheria iliruhusu 14. Akawasilisha siku ya 16, ndani ya muda aliopewa na jaji, na Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba amechelewa. Halikuwa shauri la mali, lakini hesabu yake inamhusu kila mwenye shauri.

Nimeshinda, mpinzani anaomba muda

*Nilishinda shauri la kiwanja miezi minane iliyopita. Nimeanza msingi wa nyumba. Sasa nimepelekewa maombi ya mpinzani ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Je, nijibu au niache, maana amechelewa waziwazi?*

Jibu, tena ndani ya muda uliopewa. Mjibu maombi anayekaa kimya anamwachia mwombaji simulizi yake bila mtu wa kuihoji, na mahakama inaweza kuyakubali maombi ambayo yangeshindwa kama yangepingwa. Katika kiapo chako kinzani usiishie kusema amechelewa, kwani hilo amelikiri mwenyewe kwa kuomba. Shika kalenda yake, tafuta siku asizozieleza, uonyeshe kwamba nyaraka zake hazifuniki kipindi anachodai. Kisha eleza utaumia vipi muda ukiongezwa: ulianza ujenzi lini, kwa kibali gani, umetumia nini, nani mwingine amepata haki katika kiwanja hicho kwa kuamini hukumu ile. Risiti na picha zenye tarehe zina uzito kuliko maneno makali. Uingereza, tangu shauri la Denton mwaka 2014, mahakama inayoombwa kumsamehe aliyekiuka muda huanza kwa kupima uzito wa ukiukwaji, kisha sababu yake, kisha mazingira yote ya shauri, na hasara yako huingia katika kipimo hicho cha tatu.

Kuhusu ujenzi, hukumu yako inasimama hadi itakapotenguliwa, na maombi ya muda peke yake hayakuzuii kuendelea isipokuwa kuna amri ya zuio. Hata hivyo, kuanzia siku ulipopokea maombi haya huwezi tena kusema hukujua, na gharama utakazoongeza kuanzia hapo mahakama inaweza kuziona kuwa umeziingia kwa hiari yako. Ningesimamisha kazi kubwa hadi uamuzi wa maombi utoke, niweke uzio na kulinda kilichokwisha kujengwa, na kumwomba hakimu kwa maandishi ayasikilize maombi mapema kwa sababu ya ujenzi uliosimama.